Tegu wa nguruwe, tegu wa ng'ombe na yule wa kwenye mukene (dagaa wa ziwani): mwili, uzazi na mzunguko wake

#1 MkaguziNyama (Jinja)

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "Mtu akila nyama ya nguruwe yenye punje nyeupe, anapata kifafa?" Wengi hujibu ndiyo, nao wanakosea. Anayemeza punje hai hupata tegu tumboni. Anayepata vifuko ubongoni, vile vinavyoleta kifafa, ni yule aliyemeza mayai ya tegu, hata kama ni Mwislamu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani. Hayo ni magonjwa mawili ya mnyoo mmoja. Tofauti hiyo haishikiki mpaka mtu aujue mwili wa mnyoo wenyewe, kwa hiyo naanzia hapo.

Kichwa cha tegu wa nguruwe (Taenia solium) kina upana wa takriban milimita 1. Kina vinyonyeo 4, na kileleni kuna kinundu chenye vikulabu 22 hadi 32 vilivyopangwa safu mbili, virefu safu yake na vifupi safu yake. Tegu wa ng'ombe (Taenia saginata) ana vinyonyeo 4 basi, hana kinundu wala kikulabu. Wote wawili hawana mdomo. Kichwa hakili kitu. Kazi yake ni kushika ukuta wa utumbo mwembamba ili mwili wote usisombwe na chakula kinachopita.

Chini ya kichwa kuna shingo fupi, nyembamba, isiyo na pingili. Hiyo ndiyo sehemu ya kuangaliwa kuliko zote, maana pingili zote huzaliwa hapo. Kila pingili mpya husukuma zilizotangulia, kwa hiyo changa ziko karibu na kichwa na kongwe ziko mkiani. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuta mita 2 za mnyoo chooni, akashangilia, na baada ya miezi mitatu pingili zikaanza kutoka tena. Kichwa na shingo vilibaki.

Urefu: wa nguruwe kwa kawaida mita 2 hadi 7, pingili mpaka 1,000 hivi. Wa ng'ombe huzidi, pingili 1,000 hadi 2,000, na mita 5 kwake si ajabu.

Hana utumbo hata kidogo. Chakula huingia kupitia ngozi, ambayo ni tabaka hai lililojaa vinyweleo vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tegu "anang'ata utumbo" au "anakunywa damu", hajui anachozungumzia.

Wataalamu wa maabara, malizieni upande wa uzazi.

#2 MaabaraArua

Asante mkuu. Uzazi wa tegu ndio unaoshangaza zaidi.

Kila pingili iliyokomaa ina viungo vya kiume na vya kike pamoja. Korodani ni nyingi, vijipunje vilivyotawanyika pingili nzima. Ovari iko upande wa nyuma wa pingili, na nyuma yake kuna tezi inayotoa chembe za kiini cha yai. Mirija ya kiume na ya kike hufungukia kitundu kimoja ubavuni. Ukitazama mnyoo mzima utaona vitundu hivyo havifuati upande mmoja: pingili hii kulia, inayofuata kushoto, nyingine tena kushoto, bila mpango.

Viungo vya kiume hukomaa kwanza. Kwa hiyo pingili changa zaidi huwa zinafanya kazi ya dume wakati zile za chini yake zimeshafikia ya jike. Mnyoo hujikunja, pingili moja ikaipa mbegu nyingine ya mwili uleule. Mbegu huhifadhiwa kwenye kifuko kidogo, yai hurutubishwa, huungana na chembe ya kiini, huvikwa ganda la kwanza, kisha husukumwa kwenye mfuko wa uzazi.

Sasa sikilizeni hapa: mfuko huo wa uzazi hauna mlango wa kutokea. Umeziba mwishoni. Mayai hujazana humo, mfuko unatoa matawi kushoto na kulia, na viungo vingine vyote vinanywea mpaka pingili inabaki kuwa gunia la mayai. Yatoke vipi? Pingili ikatike, ichanike au ioze. Kwa sababu hiyo kinyesi cha mtu mwenye tegu kinaweza kupimwa leo kisionekane yai hata moja, na kesho yakaonekana tele.

Pingili moja iliyojaa ya tegu wa nguruwe hubeba mayai 50,000 hivi, ya ng'ombe 80,000 na zaidi. Tegu wa ng'ombe akiangusha pingili 6 kwa siku, hilo ni karibu nusu milioni ya mayai kila siku.

#3 KijanaWaKaliro

Kwa hiyo hahitaji mwenzake? Na ni kweli mtu anakuwa na mmoja tu?

#4 MaabaraArua

Hahitaji, mmoja anajitosheleza. Mara nyingi ni mmoja tu, ila wawili au zaidi wapo, hasa wa ng'ombe kwa watu wanaokula nyama mbichi au isiyoiva. Wakiwa wengi kila mmoja hubaki mfupi zaidi.

#5 DaktariMifugo (Mbale)

Naingia na upande wa mnyama, maana hapo ndipo mambo huharibika vijijini.

Binadamu peke yake ndiye anayebeba tegu mzima wa aina hizi mbili. Nguruwe hana tegu tumboni, ana vifuko kwenye misuli. Mtu anayesema "nguruwe wake wana minyoo ndiyo maana watu wanaugua" amegeuza kisa: nguruwe aliambukizwa na mtu. Mlolongo ni huu. Mtu anajisaidia kichakani au chini ya migomba. Nguruwe anayezurura anakula kile kinyesi, na kwa tegu wa nguruwe pingili hutoka zimeshikamana mbili tatu ndani ya kinyesi, kwa hiyo mlo mmoja unaweza kuwa na mayai laki na zaidi. Tumboni ganda la yai linayeyuka, kiinitete chenye vikulabu 6 kinatoka, kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kupelekwa kwenye misuli. Baada ya wiki 8 hadi 10 kimekuwa kifuko cha maji cha milimita 5 hadi 10, na ndani yake kuna doa jeupe. Doa hilo ni kichwa cha tegu kilichokunjwa ndani nje, tayari kabisa, na vikulabu vyake.

Mtu akikila kikiwa hai, nyongo hukifanya kichwa kile kikunjuke na kutoka nje, kinashika utumbo, kifuko kinameng'enywa, na shingo inaanza kutoa pingili. Miezi miwili hivi baadaye za kwanza zinaanza kutoka. Wa ng'ombe huchelewa kidogo, miezi mitatu hivi.

Kwa ng'ombe njia ni nyingine. Pingili za saginata zina misuli ya nguvu, hutambaa zenyewe. Hutoka moja moja, hata bila mtu kwenda haja, na mtu huzisikia zikitembea kwenye suruali. Zikianguka malishoni hutambaa kwenye nyasi, hukauka, mayai yanabaki, mvua inayasambaza. Kwenye unyevunyevu hudumu miezi. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyoyamaliza.

Sasa ukaguzi wa ulimi, kwa wanaonunua nguruwe minadani. Mlaze nguruwe ubavu, mtu mmoja amshike, weka kipande cha mti mdomoni kati ya meno, vuta ulimi kwa kitambaa kikavu (mkono mtupu utateleza), tazama chini ya ulimi, kisha upapase kwa vidole kutoka kwenye shina kuja mbele. Kifuko hujitokeza kama punje laini inayong'aa. Ukikiona, ana ugonjwa, hakuna ubishi. Ukikikosa hujathibitisha kitu. Nguruwe mwenye vifuko vichache mara nyingi hana hata kimoja ulimini. Tatizo jingine ni kwamba wafanyabiashara wanaujua mtihani huu vizuri. Nguruwe aliyekataliwa harudi porini, huchinjwa usiku nyuma ya nyumba na nyama huuzwa bila muhuri.

Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka Kamuli na Kaliro uliwapima nguruwe 480 kwa damu, na takriban asilimia 8.5 wakaonekana na maambukizi. Hilo lieleweke vizuri: ni katika nguruwe wanaozurura, si mabanda yote ya Uganda.

#6 MuchomoKona

Ssebo, sisi wa jikoni tufanye nini? Nyama ikija na muhuri naamini. Na friji je?

#7 MkaguziNyama (Jinja)

Muhuri una maana, lakini uelewe tunachofanya. Tunachanja misuli ya taya, ulimi, moyo, kiwambo na misuli ya bega juu ya kiwiko, kwa sababu ni misuli inayofanya kazi bila kupumzika na hupata damu nyingi, kwa hiyo viinitete hutua humo zaidi. Hatuwezi kukata nguruwe mzima vipande vya sentimita moja. Mwenye nyama hatakuwa na cha kuuza. Maambukizi mepesi hupita.

Jikoni hesabu ni joto la katikati ya nyama. Kipande kizima kifike nyuzi 63 za Selsiasi, kisha kikae dakika 3 kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga nyuzi 71. Muchomo (nyama choma) hukosewa kwa njia moja: pande kubwa la bega linawekwa juu ya makaa makali, nje linaungua, mteja ana haraka, katikati bado pana wekundu. Kata vipande vidogo zaidi, sogeza makaa pembeni, na upasue kile kinene kuliko vyote kabla hujatoa sahani. Ndani pakiwa na maji mekundu, rudisha.

Friji ya kawaida haiui kitu. Kifuko hukaa hai humo kwa siku nyingi. Friza ndiyo, kwa nyuzi 10 chini ya sifuri siku 10, na hesabu inaanza nyama ikishaganda mpaka katikati, si siku uliyoiweka. Umeme ukikatika nyama ikalainika, anza upya. Moshi na chumvi ya juujuu usivitegemee.

Jambo moja la kisu: kifuko kikikatika ubaoni hakikupi kifafa. Wanaoogopa kugusa nyama yenye punje wanaogopa kitu kisicho sahihi. Mpishi mwenye tegu tumboni, asiyenawa baada ya choo na kisha anakata kachumbari, huyo ndiye wa kuogopwa.

#8 NyanyaMtungoni

Na mukene? Unapasua tumbo unakuta mnyoo mweupe bapa, mrefu kama samaki mwenyewe. Wauzaji wanasema ni mafuta.

#9 SamakiNaZiwa (Entebbe)

Si mafuta. Huyo ni Ligula intestinalis, wa ukoo wa tegu, ila hatua unayoiona ni ya utoto. Mzunguko wake ni wa majini. Ndege anayekula samaki, kwa mfano mnandi, anaangusha mayai ziwani. Yai linaanguliwa kuwa kiluwiluwi kinachoogelea. Kinaliwa na kopepodi, kijidudu cha jamii ya kamba kisichoonekana vizuri kwa macho. Kopepodi analiwa na mukene, na mnyoo anakua ndani ya uwazi wa tumbo, si ndani ya minofu, mpaka tumbo linavimba. Anazuia viungo vya uzazi vya samaki visikomae. Mukene mwenye Ligula mara nyingi hazai. Pia humfanya aogelee karibu na juu ya maji, na hapo ndege humpata kirahisi.

Kinachovutia ni mwisho wake. Tofauti na tegu wa binadamu anayeishi miaka, Ligula akifika kwenye utumbo wa ndege, penye joto la nyuzi 40 hivi, hukomaa ndani ya siku mbili tatu, hutaga na kufa. Ukuaji wote alishaumaliza ndani ya samaki.

Kwako jikoni: mtoe, pika mukene mpaka aive. Hageuki kuwa tegu wako.

#10 NyanyaMtungoni

Webale nnyo. Nitawaambia wenzangu sokoni.

#11 MaabaraArua

Kwa wenzangu wa maabara ndogo. Mayai ya aina zote za Taenia yanafanana kabisa chini ya hadubini: duara, mikromita 30 hadi 40, ganda nene lenye mistari kama miali, na vikulabu 6 ndani. Usiandike "T. solium" kwa kuona yai. Andika "mayai ya Taenia", basi.

Kutofautisha unahitaji pingili. Vaa glavu, kwa sababu kama ni ya nguruwe mayai yake yanaweza kukuingia wewe. Ioshe kwa maji, ibane kati ya slaidi mbili, ziwekee mpira au uzi kila upande, shikilia mbele ya mwanga. Matawi yakifichika, chovya kwenye gliserini mpaka ing'ae, au choma wino mweusi kwa sindano nyembamba kupitia kitundu cha ubavuni. Hesabu matawi makuu ya mfuko wa uzazi upande mmoja tu, pale yanapotoka kwenye shina la kati, kabla hayajagawanyika. Saba hadi 13 ni nguruwe. Kumi na tano au zaidi ni ng'ombe. Ukipata 14, tafuta pingili nyingine. Wengi hukosea kwa kuhesabu ncha za matawi, halafu kila mnyoo anakuwa wa ng'ombe.

Sampuli za kinyesi ziwe 3, za siku tofauti. Kwa tegu wa ng'ombe, utepe wa gundi ubandikwe kuzunguka njia ya haja asubuhi kabla ya kuoga, mara nyingi huonyesha mayai ambayo kinyesi hakikuonyesha.

#12 KlinikoKasese

Tiba ya tegu wa tumboni. Niklosamidi gramu 2 kwa mtu mzima, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, dozi moja, vitafunwe vizuri kabla ya kumezwa. Mtoto wa kilo 11 hadi 34 gramu 1, zaidi ya hapo gramu 1.5. Haingii kwenye damu, hufanya kazi utumboni tu. Mtu akivimeza vizima dawa hupita pembeni ya kichwa bila kukigusa, kisha watu wanalaumu dawa.

Prazikwanteli ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, mara moja. Kwa mtu wa kilo 60 ni kidonge kimoja cha 600. Mnyoo hupasukapasuka, kwa hiyo usitegemee kukikuta kichwa.

Lakini usimpe prazikwanteli mtu aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye maumivu ya kichwa ya muda mrefu yasiyoeleweka, au mwenye vinundu chini ya ngozi, kabla daktari hajamwona. Dawa hii huingia kwenye damu na ubongo. Kifuko hai ubongoni kinaweza kukaa kimya miaka; kikifa, mwili hukishambulia, ubongo unavimba pale, na degedege huanza. Watu hao huhitaji picha ya ubongo na kuchunguzwa macho kwanza, na tiba yao hufanyika hospitalini pamoja na dawa za kupunguza uvimbe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ya nguruwe wanaozurura takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana na vifuko hivi. Ni kifafa kinachoweza kuzuiwa, na bado familia zinazunguka kwa waganga wakitafuta aliyewaloga.

#13 KijanaWaKaliro

Na zile dawa za minyoo wanazogawa shuleni Aprili na Oktoba? Na za kichocho?

#14 KlinikoKasese

Za shuleni ni albendazoli miligramu 400 mara moja, zinalenga mchango na safura. Kwa tegu dozi moja haitoshi. Ingehitajika 400 kila siku kwa siku 3. Za kichocho ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, mara nne ya dozi ya juu ya tegu, kwa hiyo zinamwondoa tegu pia. Ndiyo maana wanaogawa dawa karibu na ziwa lazima waulize kuhusu kifafa kabla hawajatoa kidonge.

Baada ya tiba, pima kinyesi mwezi 1 na miezi 3. Pingili zisipoonekana miezi minne, amepona.

#15 DaktariMifugo (Mbale)

Nguruwe naye ana dawa: oksfendazoli miligramu 30 kwa kilo, kwa mdomo, mara moja. Inaua vifuko vya kwenye misuli, ila usimchinje wiki inayofuata. Vifuko vilivyokufa huchukua mpaka miezi 3 hivi kunywea, na mabaki ya dawa nayo lazima yatoke; fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Ivermektini mnayoizoea kwa upele haiui vifuko hivi, mfugaji asidanganywe. Ipo pia chanjo ya TSOL18, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Melbourne, dozi mbili zikiachana wiki chache. Inazuia maambukizi mapya, haiondoi vifuko vilivyokwisha kaa, kwa hiyo hutolewa pamoja na oksfendazoli.

Kufunga nguruwe kwa kamba msimu wa kupanda na kumwachia baada ya mavuno, kama inavyofanyika huku mashariki, hakusaidii. Miezi ya kuzurura inatosha kabisa.

#16 MfugajiMoroto

Huku Karamoja tunaona vifuko vikubwa vya maji kwenye maini ya mbuzi na ng'ombe, vingine saizi ya chungwa. Ndiye huyu?

#17 DaktariMifugo (Mbale)

Ndugu yake, Echinococcus. Mzima ni mdogo sana, milimita 3 hadi 6, pingili 3 au 4 tu, anaishi kwenye utumbo wa mbwa kwa mamia na maelfu. Mbwa hupata kwa kula ini au pafu lenye kifuko, mtu hupata kwa kumeza mayai yaliyo kwenye kinyesi na manyoya ya mbwa. Usimtupie mbwa ini hilo hata akilia. Lichomwe au lizikwe kwa kina kinachomshinda kufukua. Na kifuko hicho usikichome kisu kwa udadisi, kina vichwa vingi vidogo ndani ya maji yake. Kikiwa kwa mtu, kikipasuka tumboni, kila kimoja kinaweza kuanzisha kifuko kipya.

#18 KijanaWaKaliro

La mwisho. Choo cha shimo kikijaa, uchafu wake unaweza kwenda shambani? Na klorini inaua mayai?

#19 MkaguziNyama (Jinja)

Klorini ya kutibia maji ya kunywa haiyaui, ganda ni nene. Maji yachemshwe. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji mengi yanayotiririka, lengo ni kuyaondoa, si kuyaua.

Choo kikijaa, kifunike kwa udongo, chimba kingine. Usiupeleke uchafu huo kwenye nyasi za ng'ombe wala bustani ya nakati (mboga ya majani). Na mlango wa choo kipya uwe unafunga kwa komeo la nje: nguruwe akiweza kuusukuma kwa pua, ataingia.